UCHAMBUZI: Sanaa ya viwanja vya ndege hupangwa kabla ya saruji kumwagwa

MJADALA kuhusu jengo jipya la abiria katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) umekuwa ukiibuka na kuzama kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Mnamo 2016 serikali ilifutilia mbali mradi wa Greenfield uliokadiriwa kugharimu Sh56 bilioni, na Novemba 2024 Rais William Ruto akatangaza kufutwa kwa mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa uwanja huo kwa miaka 30.

Katika awamu zote mbili hoja zilizotawala zilikuwa gharama, ajira, umiliki na idadi ya abiria. Hizo ni hoja nzito na hakuna haja ya kuzipuuza. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo wapangaji wa viwanja vya ndege katika mataifa mengine hulijibu mapema, kabla ya tingatinga la kwanza kunguruma: je, abiria atakapoingia jengoni ataona nini ukutani, sakafuni na darini, na ni nani atakayekichagua?

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba picha na sanamu zinaweza kuletwa baadaye pesa zikipatikana. Huko "baadaye" ndiko hasa kunakoua sanaa katika majengo ya umma. Jengo likishakamilika, ukuta mzuri huwa umekwisha kukodishwa kwa watangazaji wa biashara, dari huwa haina mhimili wa kubeba uzito wowote wa ziada, na mwanakandarasi huwa amelipwa na kwenda zake.

Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ulilitambua hilo mapema. Mnamo 1988 meya wa wakati huo, Federico Peña, alitoa agizo kwamba asilimia moja ya gharama ya kila mradi mkubwa wa ujenzi wa mji itengwe kwa ajili ya sanaa. Mwaka wa 1991 agizo hilo likageuzwa kuwa sheria. Denver wakati huo ilikuwa ikijiandaa kujenga uwanja mpya wa ndege, ambao hatimaye ulifunguliwa Februari 28, 1995 ukiwa umechelewa kwa miezi 16 kutokana na hitilafu za mtambo wa kusafirisha mizigo.

Kwa kuwa pesa za sanaa zilikuwa ndani ya bajeti ya ujenzi, wasanii waliketi na wahandisi wakati michoro ingali mezani. Matokeo yake yanaonekana chini ya ardhi, katika njia ya garimoshi linalowabeba abiria kutoka ukumbi mkuu hadi kwenye milango ya ndege. Antonette Rosato na William Maxwell waliweka humo rafadha ndogo 5,280, idadi ambayo ni sawa na futi zilizomo katika maili moja. Denver, ambayo iko maili moja juu ya usawa wa bahari, hujivunia kimo hicho. Garimoshi linapopita, upepo wake huzizungusha rafadha hizo ukutani, na abiria huona mkondo wa vitu vinavyometameta ukimfuata dirishani.

Hebu msomaji afikirie kazi kama hiyo ingewekwaje baada ya uwanja kufunguliwa. Ingebidi njia ya garimoshi ifungwe, na maelfu ya abiria wangekwama. Ilikuwa ama iwekwe wakati wa ujenzi, au isiwekwe kabisa.

Lakini Denver ndiko pia kunakotoka onyo kubwa zaidi. Mapema katika miaka ya 1990 mji uliafikiana na mchongaji Luis Jiménez atengeneze sanamu ya farasi wa samawati aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kwa bei ya Dola 300,000. Kazi ilichelewa mwaka baada ya mwaka. Mji na msanii wakafikishana mahakamani. Juni 2006, kipande cha sanamu hiyo kilimwangukia Jiménez ndani ya karakana yake katika jimbo la New Mexico, kikamkata mshipa wa mguuni, akafariki. Jamaa zake na wasaidizi waliikamilisha kazi, na Februari 2008 farasi huyo mwenye kimo cha karibu mita kumi akasimamishwa kando ya barabara ya kuingia uwanjani. Gharama ilikuwa imefikia takriban Dola 650,000.

Baadhi ya wakazi walimchukia tangu siku ya kwanza. Macho yake mekundu huwaka usiku, na haikuchukua muda kabla ya watu kumbandika jina la kishetani na kudai aondolewe. Hakuondolewa. Kanuni za Denver hazikubali ombi la kuiondoa kazi ya sanaa ya umma lijadiliwe kabla ya miaka mitano kupita tangu iwekwe. Muda huo ulipita, hasira zikapoa, na leo wapo wanaompenda farasi huyo kwa sababu zile zile zilizowafanya wengine wamchukie.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kanuni hiyo ya miaka mitano ina thamani kuliko sanamu yenyewe. Sanaa ya umma isiyomkera mtu yeyote ni nadra sana, na kiongozi anayetaka kura atakuwa mwepesi wa kung'oa kile ambacho mtangulizi wake alikisimamisha.

Historia ya viwanja vya ndege nchini humo imejaa kazi zilizopotea kwa kukosa ulinzi wa aina hiyo. Kati ya 1935 na 1937, serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwaajiri wasanii wasio na kazi wakati wa mdororo wa uchumi, Arshile Gorky alichora picha kumi kubwa kuhusu urukaji kwa ajili ya jengo la uwanja wa Newark. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, jeshi liliuchukua uwanja na kuta zikapakwa rangi juu ya kazi yake. Gorky alifariki mwaka wa 1948. Katika miaka ya 1970 picha mbili tu kati ya zile kumi ndizo zilizogunduliwa chini ya matabaka ya rangi.

Masaibu ya Alexander Calder yalikuwa ya aina nyingine, maana yeye alikuwa hai kuyashuhudia. Sanamu yake ya mwaka wa 1958, yenye vipande vinavyoning'inia na kuyumba polepole kwa upepo, ilikabidhiwa kaunti inayosimamia uwanja wa Pittsburgh. Maafisa waliipaka rangi za kaunti, kijani na dhahabu, badala ya nyeusi na nyeupe alizochagua msanii, na wakaitia mota ili izunguke. Calder alilalamika bila kusikizwa hadi alipofariki 1976. Baadaye tu ndipo sanamu hiyo iliporudishiwa sura yake ya awali.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, katika sehemu ya 32, inampa msanii haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Ni sheria nzuri, ila haimlazimu mwenye jengo kuipangusa vumbi kazi hiyo, kuibadilishia taa zilizoungua wala kuiorodhesha kama mali ya umma. Hayo ni mambo ya mkataba na bajeti ya kila mwaka.

Wala si jambo jepesi. Uwanja wa ndege ni jengo lenye masharti mengi kuliko ukumbi wowote wa maonyesho. Kitu kinachoning'inia darini lazima kihesabiwe na mhandisi, kisishike moto kwa urahisi, na kisizibe vinyunyizio vya maji, kamera za usalama wala ishara zinazomwelekeza abiria mlangoni. Kilicho nje hakipaswi kuvuka kimo kinachoruhusiwa karibu na njia ya kurukia, wala kuakisi jua machoni mwa rubani. Fundi anayekuja kukirekebisha kilicho upande wa ndani, baada ya ukaguzi, anahitaji kibali cha usalama, na nyundo yake lazima ikaguliwe. Kazi yenyewe hufanyika usiku abiria wanapopungua.

Singapore ilipoukarabati ukumbi wa kwanza wa Changi, mnamo 2012 iliweka darini matone 1,216 ya chuma yanayopandishwa na kushushwa na mota zinazoongozwa na kompyuta, hata yakachora maumbo hewani. Mota zenyewe zimefichwa juu ya dari, na abiria hazioni. Changi inaonyesha kwamba hata ukarabati ni fursa, mradi msanii aitwe mafundi wangali kazini.

Zaidi ya ufundi, kuna suala la sanaa ya nani. Vancouver, nchini Kanada, ilipofungua jengo jipya la safari za kimataifa mnamo 1996, katikati yake iliweka mtumbwi wa shaba nyeusi ya kijani uliotengenezwa na Bill Reid, msanii wa asili ya jamii ya Wahaida. Ndani ya mtumbwi huo wamesongamana wanyama na viumbe wa hadithi za jamii hiyo. Uwanja huo ulilipa Dola milioni tatu za Kanada, na wakati huo wapo waliouliza kama pesa hizo zilistahili. Mwaka wa 2004 kazi hiyo ya Reid ikachapishwa kwenye noti ya Dola 20 ya nchi hiyo. Aidha, wasafiri huagana wakutane "mtumbwini", jambo ambalo hakuna bango la biashara linaloweza kulifanya.

Mfano wa Mumbai, India, unatuhusu kwa karibu zaidi. Jengo la pili la uwanja huo lililofunguliwa 2014 lina ukuta wa sanaa wenye urefu wa takriban kilomita tatu na vitu zaidi ya 5,000 kutoka pembe mbalimbali za nchi hiyo, vilivyopangwa chini ya usimamizi wa Rajeev Sethi. Waliokuwa wakiuendesha uwanja wakati huo ni kampuni ya kibinafsi ya GVK. Mwaka wa 2021 uendeshaji ukaingia mikononi mwa Adani, kampuni ile ile iliyokuwa ikiimezea mate JKIA.

Maana yake ni kwamba mwekezaji wa kibinafsi anaweza kuigharimia sanaa, tena kwa ukarimu, lakini kwa hiari yake na kwa hesabu zake. Taifa linalotaka sanaa hiyo idumu hata mwekezaji akibadilika halina budi kuiandika katika mkataba: ni nani mmiliki wa kazi, nani anayezitunza, na kodi ya ukuta inayopotea kwa kukosa matangazo itabebwa na nani.

Je, Kenya ingemudu? Asilimia moja ya Sh56 bilioni za Greenfield ni Sh560 milioni. Hata nusu ya kiasi hicho ingetosha kuwapa kazi wachongaji, wafinyanzi, wafumaji na wachoraji kwa miaka kadhaa. Si pesa za kunyang'anywa hospitali pia, maana sakafu itatandazwa na kuta zitapambwa kwa vyovyote vile. Linaloamuliwa ni kama pambo hilo litanunuliwa kutoka katika katalogi ya ng'ambo au litatoka mikononi mwa fundi wa hapa.

Hofu ya haki ni kwamba mgao wa sanaa utageuka kuwa lishe nyingine ya mabwanyenye wa zabuni. Tumeona miradi mingi ikiliwa hata kabla ya jiwe la msingi kukauka. Utaratibu wa kumpa kazi mwenye bei ya chini kabisa nao hauisaidii sanaa, kwa kuwa sanamu si mifuko ya saruji. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inatambua mashindano ya ubunifu kuwa mojawapo ya njia halali za ununuzi. Halmashauri ya Viwanja vya Ndege Nchini (KAA) inaweza kutangaza mashindano hayo hadharani, ikaunda jopo lenye wasanii, wahandisi na wawakilishi wa umma, ikawalipa wachache watakaofika fainali gharama za vielelezo vyao, kisha ikaonyesha vielelezo hivyo kwa wananchi kabla ya kutia sahihi. Malipo kwa awamu, yakifuata hatua zinazokaguliwa, yangeepusha kesi kama ile ya Denver.

Wasanii wenyewe wapo. Elkana Ong'esa, aliyetoka kwenye machimbo ya mawe ya Tabaka huko Kisii, ana sanamu yake katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kevin Oduor ndiye aliyechonga sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Februari 2007 katikati ya jiji la Nairobi. Kwa msafiri anayepita uwanjani, hata hivyo, jiwe la Tabaka na vinyago vya Wamunyu ni zawadi za dukani zenye kibandiko cha bei, zinazofungwa kwa gazeti na kutiwa mkobani.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuilazimu serikali kukuza sanaa. Bunge halihitaji kusubiri mkopo au mwekezaji mpya ili kupitisha sheria ya asilimia. Inaweza kuanza na viwanja vilivyopo, kwa mfano Mombasa na Kisumu, ambako ukarabati wa kawaida unaendelea kufanywa, ili mradi mkubwa wa Nairobi utakapofika mezani tena kuwe na sajili ya kazi, mafundi waliozoea masharti ya usalama, na mistari ya bajeti ya matunzo. Msanifu majengo atakayepewa kazi ya JKIA ataanza kwa kuchora njia za mizigo na milango ya ukaguzi. Wiki hizo za kwanza ndizo msanii anazopaswa kuwa chumbani humo, akijua ni ukuta upi utakaokuwa wake.