Picha Ifundishe, Isipambe Ukuta

ENEO la Picha ya Ndege, mjini Kibaha, lina jina ambalo lingemfaa mwalimu wa sayansi kuanzia somo lake. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hawezi kujua kama ndege anayetajwa ni yule wa mbawa na manyoya au ni ile ya abiria, kwa kuwa neno "ya" limeifuata picha wala halikumfuata ndege. Lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, hapo imenyamaza. Picha yenyewe ingemaliza ubishi kwa kutupiwa jicho mara moja.

Katika mji huo huo wa Kibaha kilizinduliwa, mwaka 2015, kiwanda kilichojengwa kwa ufundi wa Cuba ili kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Dawa hiyo haifanyi kazi kama sumu ya kawaida ya kunyunyiza ukutani. Imetokana na bakteria ambao hutengeneza vijichembe vya protini mfano wa fuwele, na kiluwiluwi sharti avile. Vikifika katika utumbo wake, ambao una hali ya alikali, fuwele huyeyuka, sumu huachiwa, kuta za utumbo huharibika na mdudu hufa. Mtu hadhuriki. Lakini yai la mbu halili, na pupa, ambaye ni hatua ya baada ya kiluwiluwi, naye hali. Mbu mzima aliyekwisha kuruka hahusiki kabisa na kinachotokea dimbwini.

Sasa na tumfikirie mwananchi aliyenyunyiza dawa hiyo leo katika dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake, na keshokutwa usiku akaumwa na mbu. Atasema dawa haifai, naye hatakuwa mjinga kwa kusema hivyo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba pupa waliokuwamo dimbwini siku ile walipona na kutoka wakiwa mbu kamili, na kwamba kwa sababu hiyo dawa hupaswa kurudiwa. Picha nne zilizopangwa kwa mfululizo, yai, kiluwiluwi, pupa na mbu, huku mdomo wa kiluwiluwi peke yake ukipakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba huyu ndiye anayekula, zingemweleza jambo hilo kwa muda mfupi kuliko hotuba ya bwana afya. Hili ndilo tunalokusudia tunaposema kwamba zana za kufundishia biolojia si urembo wa darasa.

Yafaa isemwe wazi kuwa michoro mingi iliyomo katika madarasa yetu haifundishi. Hebu tuutazame ule mchoro maarufu wa malaria, wenye mtu upande mmoja na mbu upande wa pili, na mishale inayozunguka kama gurudumu la baiskeli. Mwanafunzi huunakili, huukariri, na huurudisha kwenye karatasi ya mtihani ukiwa kamili. Ukimwuliza kwa nini mgonjwa hapati homa siku ile ile aliyoumwa na mbu, hana jibu, kwa maana mchoro wenyewe haukumpa.

Haukumpa kwa sababu hauonyeshi muda. Vimelea vinavyotoka katika mate ya mbu jike wa Anofelesi huingia kwanza katika ini, vikakaa humo kwa siku zipatazo sita au saba bila mtu kusikia lolote. Katika seli moja tu ya ini kimelea kimoja huzaa maelfu kwa maelfu. Hao ndio huingia katika damu, na kwa aina ya malaria iliyo kali na iliyoenea zaidi nchini mwetu, kila baada ya saa 48 hivi chembe nyekundu zilizoingiliwa hupasuka na kumwaga kizazi kipya. Homa inatokana na kupasuka huko. Mshale mmoja mwembamba kutoka kwenye ini kwenda kwenye damu hauwezi kubeba habari hiyo yote. Mchoraji angeweza kuweka kalenda ndogo chini ya kila hatua, akachora kimelea kimoja kinachoingia na kundi zima linalotoka, na swali la homa lingejijibu lenyewe.

Tena kuna suala la ukubwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu sehemu saba za milioni moja za meta, au tuseme kwa lugha nyepesi, chembe zaidi ya 140 zikipangwa mstari hutimiza milimeta moja tu. Ikiwa mwalimu ataichora chembe hiyo kwa sentimeta 7, yaani kama kifuniko cha kopo, basi mbu wa milimeta 5 angepaswa kuchorwa kwa urefu wa meta 50, ambayo ni nusu ya kiwanja cha mpira. Hatudai mbu wa namna hiyo achorwe. Tunachotaka ni duara la hadubini liwekwe kuizunguka kila picha iliyokuzwa, pamoja na maneno yanayosema imekuzwa mara ngapi, ili kijana asitoke darasani akidhani kimelea ni mdudu anayeweza kumwona akirandaranda juu ya ngozi.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa michoro ya mkono umepita, kwamba sasa kuna video na kompyuta. Hatuzikatai. Shule iliyo na umeme na vyombo hivyo ivitumie, maana mwendo ni jambo ambalo karatasi hulionyesha kwa shida. Hata hivyo video hupita. Mchoro ulio ukutani hubaki, na mwanafunzi huurudia saa ya mapumziko akiwa peke yake, kidole chake kikifuata mshale. Isitoshe, mwalimu anayechora hulazimika kujiuliza mwenyewe kitu gani kinatangulia na kipi kinafuata. Mchoro una tabia ya kuufichua upungufu wa maarifa ambao maneno huufunika.

Kwa wanafunzi wa sekondari hoja hii ina uzito zaidi. Kijana aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, akiingia kidato cha kwanza hukutana na somo lile lile kwa Kiingereza. Mwalimu hutaja neno refu, darasa huliitikia, kila mtu hudhani limeeleweka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitupatia istilahi nzuri, kama vile usanisinuru, na kamusi yao ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990. Mchoro wenye jina la Kiswahili na la Kiingereza ubavuni mwa kila kiungo ungekuwa daraja. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba chati ya biolojia sharti iwe na lugha moja.

Wala hatuanzi upya. Kibaha yenyewe, tangu ulipotiwa saini mwaka 1963 mpango wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ilijengwa juu ya wazo la kuweka shule, kilimo na huduma ya afya mahali pamoja, na mwaka 1970 mpango huo ulikabidhiwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio huku wakiwa na vitabu mkononi, na malaria ilikuwa mojawapo ya masomo. Waliopanga kampeni ile walitambua kwamba sauti peke yake haitoshi.

Vifaa navyo vipo. Viroba vya plastiki vilivyokwisha kutumika, vikifumuliwa na kushonwa pamoja, hutoa kitambaa kisichochanika upesi kama karatasi ya manila, na walimu wengi wamekwisha kuvitumia kuchorea ramani. Nyuzi za rangi mbili hutosha kufundisha jinsi kromosomu 46 za mtu zinavyogawanyika kuwa 23 katika yai au mbegu, na hapo mwanafunzi huzishika kwa mkono wake badala ya kuziangalia tu. Tunao pia mafundi wa mabango katika kila mji ulio kando ya barabara kuu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, na kazi yake ikaitwa sanaa ya taifa. Fundi wa aina hiyo akipewa ukuta wa darasa, na mwalimu wa biolojia akasimama kando yake kusahihisha, shule itapata mchoro wa miaka mingi kwa gharama ya makopo machache ya rangi na ujira wa siku mbili.

Kusahihisha huko ndiko kunakoogopesha, kwa kuwa kosa lililopakwa rangi ya mafuta nalo hudumu. Mbu mwenye ndevu nyingi za dume akichorwa akimnyonya mtu damu, vizazi vitatu vya wanafunzi vitaamini kwamba dume huuma. Kwa hiyo twavitaka vyuo vya ualimu vimpe kila mwalimu mtarajiwa wa sayansi kazi ya kuchora mfululizo mmoja kamili, kisha auonyeshe kwa watoto wasioujua bila kusema neno, na wao ndio wamsimulie kinachotokea. Akipata hadithi isiyo sahihi, autie kalamu tena. Baraza la Mitihani nalo lingesaidia sana kwa kuwawekea watahiniwa mchoro usio na majina, mshale mmoja ukiwa umekatwa, na kuwauliza ni kitu gani kitakachofuata. Na halmashauri, zinapopanga fedha za chaki na madaftari, zisiisahau rangi.