Spana malaya ilivyotuumbua Mbinga

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo, tunaingia chini ya gari. Akina dada msifunue ukurasa, na nyie yanawahusu. Ukishapanda gari kuteremka Mbamba Bay, roho yako iko kwenye breki, upende usipende.

Ilikuwa hivi. Jumamosi kulikuwa na sendofu ya binamu yangu kule ziwani. Mjomba ana Land Rover 109, Series III. Hizo zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo gari lenyewe linanizidi umri na linastahili shikamoo. Mabrazameni wa mjini wanaliita mkweche, lakini mvua ikinyesha vijijini ndio hao hao wanaomba lifti.

Ijumaa asubuhi tuko Mbinga mjini, watu kumi wameshaweka mabegi, mjomba anakanyaga breki, pedali inazama. Kuchungulia tairi la mbele kushoto, mafuta yanachuruzika. Paipu ya breki imeoza karibu kabisa na nati. Paipu mpya ilikuwepo. Kazi ilikuwa kufungua nati moja tu.

Nati moja, jamani! Spana boi akaleta namba 11, haiingii. Akaleta 12, inacheza kama jino bovu. Mimi kwa kiherehere nikamwambia, "Dogo, lete spana malaya tumalize." Wanaoijua wanaijua, ile ya kupanua na kubana mdomo, inayokubali kila nati. Nikaibana, nikavuta kwa nguvu zote za ugali. Krrr! Ikateleza, kona mbili za nati zikalainika, na ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye chesisi.

Hapo ndipo nikatoa wazo la kijinga kuliko yote. "Mjomba, si tuikunje tu hii paipu, tuigonge nyundo, twende na breki za matairi matatu?"

Mjomba hakufoka. Aliuliza tu, "Ziwa liko wapi?"

"Chini, mjomba."

"Basi umeshajijibu."

Na kweli. Ziwa Nyasa liko kama mita 470 tu juu ya usawa wa bahari, Mbinga iko juu milimani. Ukitoka huku unateremka, kona baada ya kona. Zamani barabara ilikuwa ya vumbi na kila mtu alitambaa. Siku hizi ni lami, na lami inamdanganya dereva akimbie. Halafu gari la mjomba lina mfumo mmoja wa mafuta ya breki. Paipu moja ikipasuka, matairi yote manne hayana kitu.

Tukaenda kwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori. Shikamoo, marahaba, tukamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Wajukuu zangu, hilo gari la Mwingereza. Nyie mnalipimia milimita, lenyewe linajua inchi." Akafungua sanduku la mbao, akatoa spana imeandikwa 7/16.

Hapo nikazikumbuka hesabu za sehemu nilizokuwa nazikimbia shuleni. Inchi moja ni milimita 25.4. Chukua 7, gawanya kwa 16, zidisha: unapata 11.11. Kumbe ndiyo maana! Namba 11 ni ndogo kwa unywele, 12 ni kubwa karibu milimita nzima. Kisanga hicho hicho kipo kwa nusu inchi: ni 12.7, ukiweka 13 inacheza. Na mzee akatuonya, ukikuta spana kuukuu imeandikwa W, hiyo ni Whitworth, namba yake inapima unene wa bolti, sio mdomo wa spana. Usichanganye.

Tena spana yake ilikuwa ya ringi, ameikata mwanya kwa msumeno wa chuma, mwanya wa kupitisha paipu tu. Ya mdomo wazi inashika pande mbili. Ya ringi inazunguka nati karibu yote, hata kona zikiwa zimeumia kidogo bado inang'ang'ania.

Tukasugua kutu kwa brashi ya waya, tukaloweka, tukanywa chai. Kisha mzee akashika upande wa mpira kwa spana nyingine ili usijisokote, akavuta taratibu. Tik. Nati ikaachia, bila jasho. Mimi natazama vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa.

Baada ya hapo ni kutoa upepo. Tulianza na tairi la mbali zaidi: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua na kufunga kabla mguu haujaachia. Na mafuta ni ya breki tu. Wanaojazia maji ya sabuni wanajichimbia kaburi, maana mteremkoni dramu zikichemka maji yanageuka mvuke na pedali inakwenda mpaka chini. Oili ya injini nayo inavimbisha mipira.

Jioni mjomba alijaribu breki mara kumi pale uwanjani kabla ya kuruhusu mtu apande. Tuliteremka gia ya chini, taratibu, tukafika usiku. Wali ulikuwa umepoa, lakini shangazi alituhesabu mmoja mmoja, akafika kumi, akapiga vigelegele.

Kwa hiyo vijana wenzangu mlionunua magari ya kizamani ili muonekane bomba, kabla ya redio nunua seti ya spana za inchi. Na ile spana malaya? Inakubali kila nati, haitulii kwa yoyote. Nilisema leo mapenzi tunayaweka kando, basi sitaongeza neno.

Tukutane wiki ijayo!