Nchi ya Punt Ilikuwa Wapi?

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya nchi ambayo jina lake limebaki na mahali pake pamepotea, nayo ni Punt. Wamisri wa kale waliiendea kwa zaidi ya miaka elfu, wakitafuta ubani, manemane, dhahabu, mpingo na nyani. Wala hawakutuachia ramani.

Malkia Hatshepsut, aliyetawala katika karne ya 15 kabla ya Nabii Isa, alipeleka huko marikebu tano, akaamuru habari za safari hiyo zichongwe katika kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari. Humo twaona nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, zapandwa kwa ngazi. Miti ya manemane imetiwa makapuni pamoja na mizizi yake. Na samaki wa Bahari ya Sham.

Kwa kuwa mahali hapakutajwa, kila mtu alisema lake. Wako walioiweka Arabuni, wengine Usomali, wengine Sudani na Eritrea. Wako hata waliotaka kuivuta kusini zaidi. Mara nyingi mapenzi yalitangulia, ushahidi ukafuata nyuma.

Lakini ardhi nayo husema. Huko Mersa Gawasis, pwani ya Misri, wachimbaji walikuta kamba, mbao za marikebu, na masanduku yaliyoandikwa kuwa yalichukua maajabu ya Punt. Basi hapana shaka kuwa njia ya bahari ilitumika.

Kisha wakaulizwa nyani. Mnyama huyu si wa Misri, bali Wamisri waliikausha mizoga yake na kuihifadhi. Mwaka 2020 wataalamu walipima madini yaliyomo katika meno, mifupa na nywele za nyani hao, wakaona kuwa baadhi yao walizaliwa katika upande wa Eritrea, Uhabeshi, Jibuti, na sehemu za Usomali na Yemeni. Mwaka 2023 nasaba ya nyani mmoja wa zama za baadaye ikaelekea pwani ya Eritrea, ilipokuwa bandari ya Adulis.

Mipaka ya Punt haijajulikana bado. Tangu 1998 liko jimbo la Usomali liitwalo Puntland, lakini jina si hati ya kumiliki taarikhi. Enyi vijana, mtu akiwaambia kuwa wazee wake ndio waliokuwa Punt, msimcheke wala msimsadiki upesi. Mwulizeni kwa adabu: ushahidi wako ni upi?