Nassa si Nassau

Mtu wa Simiyu akifungua tovuti ya nasaba na kukuta babu yake kazaliwa bara jingine, hatakosa washauri. Baadhi ya ushauri wao unaharibu kuliko kosa lenyewe.

"Mtandao umeandika hivyo, basi ndivyo kitabu kinavyosema." Sivyo. Unachokiona ukitafuta jina ni faharasa tu. FamilySearch, tovuti ya bure yenye makao Salt Lake City, hutegemea watu wa kujitolea na programu za kusoma mwandiko, kisha jina la mahali huoanishwa na orodha ya majina sanifu. Mahali penyewe pakikosekana, huchukuliwa panapofanana napo. Nassa ya Busega, ambako Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Church Missionary Society (CMS) mwaka 1909, yaweza kuangukia Nassau ya Ujerumani. Fungua picha ya ukurasa. Rekodi nyingi zenye picha zinaruhusu faharasa kusahihishwa.

"Basi tuzibadili rekodi zote ziwe Simiyu." Hapa wenye nia njema ndipo wanapovuruga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Aliyezaliwa Bariadi mwaka 1950 alizaliwa Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Wa Nassa mwaka 1985 ni wa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, wakati mwenzake wa Bariadi mwaka huohuo ni wa Mkoa wa Shinyanga. Majalada hufuata mipaka ya siku yalipoandikwa. Ukiifuta, mjukuu ataulizia Simiyu ofisi hadi ofisi na kurudi mikono mitupu. Acha kilichoandikwa, jina la leo liandike pembeni.

"Waliokosea ni Wajerumani." Karani wa Kijerumani aliyeandika Muansa badala ya Mwanza alifuata tahajia ya kwao, na hakukosea. Anayekosea ni wa leo, anayeitoa Mwanza ya ziwani na kuipeleka Mwanza ya Malawi.

"Mahali si hoja, mradi jina la mtu liko sawa." Labda kwingine, lakini si Usukumani, iliko Simiyu. Jina la pili kwa kawaida ni la baba, kwa hiyo kwa mjukuu limeshabadilika. Majina yenyewe hurudiwa: pacha ni Kulwa na Dotto, anayewafuata ni Shija. Tafuta Shija Masanja: utampata Bariadi, utampata Maswa, utampata Geita waliko jamaa waliohama na mifugo yao. Umri nao mara nyingi ni wa kukadiria. Kinachomtenga Shija mmoja na mwingine ni kijiji. Sasa angalia vijiji hivyo: Mwandoya ya Meatu, Mwamapalala ya Itilima, na vingine chungu nzima vinavyoanza na Mwa. Msomaji wa mbali, mbele ya wino uliofifia, huzitambua herufi tatu za kwanza na zilizobaki akabahatisha. Ukiona kijiji cha Mwa kisichojulikana na mtu yeyote, usikimbilie kusema kimekufa. Soma upya herufi ya nne.

"Mzee kasema kazaliwa Ntuzu. Ntuzu haipo kwenye orodha ya wilaya, kasahau." Hajasahau. Ntuzu ulikuwa utemi, na utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mzee ametaja serikali aliyoikuta. Andika Ntuzu kama alivyosema, kisha umuulize mtemi alikuwa nani, kwa sababu jina la mtemi litakusaidia kukisia miaka. Halafu muulize kaya yao ilikuwa upande gani wa mto au mlima. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu, na kijiji chenye jina lilelile leo huenda hakiko pale alipozaliwa.