Nusu Shari Ni Shari

Wahenga walisema: heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni methali ya mtu aliyebanwa, na hapo ndipo penye hekima yake. Nahodha aliyekumbwa na tufani humwaga nusu ya shehena baharini ili chombo kisizame, na hakuna amlaumuye. Lakini nahodha ambaye kila safari, hata bahari ikiwa shwari, humwaga nusu ya mali ya watu kisha akawataka wenyewe washukuru kwa nusu iliyobaki, huyo si hodari wa bahari. Ama chombo chake kina tundu asilotaka kuliziba, ama ana mapatano ya siri na waokotaji wa ufukweni.

Mpiga kura wa Marekani ndiye mwenye shehena wa nahodha huyo. Kila baada ya miaka minne huambiwa kwamba uchaguzi wa mara hii si wa kawaida, kwamba hatari ni kubwa mno, kwamba manung'uniko yake na yangoje. Huambiwa hivyo na Chama cha Democratic, huambiwa hivyo na Chama cha Republican, kila kimoja kikimnyooshea mwenzake kidole. Naye humeza mate, husimama foleni, hupiga kura, hurudi nyumbani. Miaka minne ikitimia, wimbo ni ule ule na kiitikio ni kile kile. Aliyebadilika ni mwimbaji, na pengine kanzu yake tu.

Uchovu huo si uzushi wa wasiolitakia taifa hilo mema. Shirika la Gallup, ambalo limekuwa likiwauliza Wamarekani maoni yao kwa miongo mingi, liliona mwaka 2023 kwamba watu 43 katika kila 100 walijitaja kuwa hawana chama, idadi iliyowapita wafuasi wa chama chochote kati ya hivyo viwili. Mwaka huo huo, 63 katika kila 100 walisema vyama hivyo vinawawakilisha watu vibaya kiasi cha kuhitajika chama kikubwa cha tatu. Katika soko la samaki, wateja sitini na tatu wa mia wakiulizia nguru, nguru angeletwa kabla ya adhuhuri. Katika soko la kura la Marekani wateja huuliza mwaka baada ya mwaka, na meza hubaki na samaki wale wale wawili.

Wapo wasemao kwamba kosa ni la wateja wenyewe: wananung'unika kwa ulimi na kununua kwa mkono. Hoja hiyo ni rahisi, na urahisi wake ndio unaoipotosha. Mwanachuoni wa Kifaransa Maurice Duverger alieleza mwaka 1951 kwamba pale ambapo kiti hutolewa kwa aliyetangulia tu, hata akitangulia kwa kura moja, na wa pili hapati kitu, siasa huelekea kubaki na vyama viwili. Si kwa sababu watu wana fikra mbili tu. Ni kwa sababu mwenye fikra ya tatu huogopa kwamba akiitoa atamsaidia yule amchukiaye zaidi. Woga huo haukuzaliwa naye. Umefumwa ndani ya kanuni.

Kanuni hiyo ina ushahidi wake. Mwaka 1992 Ross Perot aligombea urais bila ya vyama hivyo akapata kura zaidi ya milioni 19, karibu 19 katika kila 100. Wajumbe wa uchaguzi, ambao ndio wamchaguao rais, ni 538. Perot hakupata hata mmoja. Katika majimbo 48 na mji mkuu, aliyetangulia huzoa wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee ndiyo yenye mtindo wa kuwagawa. Watu milioni 19 walisema neno, na daftari likaandika sifuri.

Mwaka 2000 yakatokea makubwa zaidi. Katika jimbo la Florida George W. Bush alitangazwa kumpita Al Gore kwa kura 537, kisha Mahakama ya Juu ikakomesha kuhesabiwa upya. Katika jimbo hilo hilo Ralph Nader, mgombea wa chama cha Kijani, alikuwa na kura zaidi ya 97,000. Basi lawama zote zikamwangukia Nader na waliompa kura, wakaitwa waharibifu. Lakini nchi nzima, Gore alikuwa ametangulia kwa kura zaidi ya laki tano, na aliyeapishwa akawa mwenzake. Mwaka 2016 Hillary Clinton alitangulia kwa karibu kura milioni mbili na laki tisa, akashindwa na Donald Trump. Kanuni iliyompa kiti aliyepata kura chache haikuitwa mharibifu. Aliyeitwa hivyo ni raia aliyefuata dhamiri yake. Kura ni amana ya mwenyewe. Hakuna chama kinachoimiliki kabla haijapigwa, na kisichomilikiwa hakiwezi kuibiwa.

Kwa msomaji wa visiwani kisa hiki si kigeni. Kanuni ya aliyetangulia kuchukua kiti kizima Wamarekani waliirithi kwa Waingereza, na Waingereza hao hao waliiacha Zanzibar. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31. Muungano wa ZNP na ZPPP ukapata 18 na kuunda serikali. Yaliyofuata Januari 1964 yana sababu zake nyingi, na hayawezi kubebeshwa hesabu peke yake. Hata hivyo, mtu akitaka kujua kwa nini kanuni ya kuhesabu kura si jambo la makarani tu, hana haja ya kuvuka bahari kulitafuta jibu.

Watetezi wa vyama viwili wana hoja moja nzito kuliko nyingine zote: kwamba mfumo huo huleta utulivu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito siku zake. Leo inadai ushahidi. Shughuli za serikali ya Marekani zilifungwa kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 kwa sababu ya ugomvi wa bajeti, kisha mwaka 2025 zikafungwa kwa siku 43. Tarehe 6 Januari 2021 jengo la Bunge lenyewe lilivamiwa wakati kura za wajumbe zikihesabiwa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hilo halina mwingine wa kuwatenganisha. Pakiwapo wawili tu, kumshinda mmoja ndiko kushinda kote. Hakuna haja ya kuwa bora, yatosha mwenzako aonekane mbaya.

Washairi wa pwani waijua hali hii. Katika malumbano, ajibuye hujifunga kwa bahari na vina vya aliyeanza. Ni uzuri wa sanaa hiyo. Lakini wakijibizana wawili hao hao miaka na miaka kwa vina vile vile, msikilizaji hudhani amesikia mashairi mengi, kumbe amesikia moja lililokatwa vipande viwili. Lisiloingia katika vina hivyo halisemwi. Mtu wa tatu akitaka kutia beti yake huambiwa hajui kanuni, na wenye kuitunga kanuni ni wale wale wawili.

Hilo si fumbo. Tume iliyosimamia midahalo ya wagombea urais iliundwa mwaka 1987 na viongozi wa vyama hivyo viwili. Perot aliruhusiwa kuingia mwaka 1992, akazuiwa mwaka 1996, na tangu mwaka 2000 ukawekwa mpaka wa asilimia 15 katika kura za maoni. Hatajulikani asiyeonekana, na haonekani asiyejulikana. Mipaka ya wilaya za uchaguzi wa Bunge, katika majimbo mengi, huchorwa na wanasiasa wenyewe. Mwenye shamba huchora mpaka baada ya kujua mnazi upi umezaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuamua kesi za uchoraji huo wa kupendelea chama. Vyama vyote viwili hufanya hivyo pale vinapoweza, na kila kimoja hulalamika pale kinapofanyiwa.

Gharama ya mambo haya haikai katika vitabu vya sheria. Februari 2024, katika kura ya mchujo ya Chama cha Democratic jimboni Michigan, watu zaidi ya 100,000 walitia alama mahali pa wasiojifunga kwa mgombea yeyote, wengi wao wakipinga sera ya serikali ya Joe Biden juu ya vita vya Gaza. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakizika jamaa zao kwa simu. Novemba ilipofika, katika mji wa Dearborn wenye Waarabu wengi, Trump alipata kura kama 42 katika kila 100, Kamala Harris 36, na Jill Stein wa chama cha Kijani 18. Jirani na jirani, ndugu na ndugu, walitoka msikiti mmoja wakaenda njia tatu, na kila njia ikaitwa usaliti na waliofuata nyingine. Watu hao hawakugawanywa na msiba wao, uliokuwa mmoja. Waligawanywa na karatasi isiyokuwa na mahali pa kuuandika msiba huo.

Je, mtu na aache kupiga kura? Ndivyo alivyoamua W. E. B. Du Bois mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 88, alipotangaza kwamba hatampigia mtu kura ya urais, kwa kuwa hakuona vyama viwili bali kimoja chenye majina mawili. Uamuzi wake una heshima, lakini kanuni haikutikisika. Asiyekuja mnadani hawezi kupinga bei.

Miaka minane baadaye mwanamke mmoja wa mashambani Mississippi alionyesha njia nyingine. Fannie Lou Hamer, aliyefukuzwa shambani alikofanya kazi kwa sababu ya kutaka kujiandikisha, na aliyepigwa vibaya gerezani, alikwenda na wenzake katika mkutano mkuu wa Chama cha Democratic huko Atlantic City, Agosti 1964, kudai nafasi za ujumbe zilizoshikwa na weupe peke yao. Wakubwa wa chama wakawapa viti viwili. Wakaambiwa kwamba hatari ni kubwa, kwamba uchaguzi u karibu, kwamba wachukue hivyo washukuru. Ilikuwa nusu shari iliyofungwa kwa utepe. Wakakataa, wala hawakwenda kulala. Mwaka 1965 ikapitishwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura, na katika mkutano mkuu wa mwaka 1968 Hamer aliketi akiwa mjumbe halali wa Mississippi.

Kanuni, basi, hubadilika. Maine iliamua kwa kura mwaka 2016 kwamba mpiga kura awapange wagombea kwa daraja, wa kwanza, wa pili, wa tatu: wa kwanza wake akitolewa, kura humhamia wa pili, na hakuna tena aitwaye mharibifu. Alaska ikafuata mwaka 2020. Nevada, tangu miaka ya 1970, humruhusu mpiga kura kuandika kwamba hamtaki hata mmoja. Ila hata "hakuna" akiongoza, ushindi hupewa binadamu aliyemfuata.

Hapa ndipo mpiga kura naye anapostahili kuulizwa. Novemba 2024 watu wa Colorado, Idaho, Oregon na Nevada waliletewa hoja za kubadili kanuni hizi, wakazikataa; Alaska ilibakiza mfumo wake mpya kwa kura zisizofika elfu moja. Ni kweli kwamba huko Nevada na Colorado wakubwa wa vyama vyote viwili walipinga. Watu wasioafikiana hata juu ya bei ya mkate waliafikiana juu ya hilo, na afikiano hilo peke yake lilitosha kuwa onyo. Ni kweli pia kwamba hoja nyingine zilifungwa pamoja na mambo magumu kueleweka. Lakini mfungwa aliyelia miaka mingi, akarushiwa funguo akasema ina meno mengi, hawezi kumlaumu bawabu peke yake.

Methali ya nusu shari ilitungwa kwa ajili ya siku ya tufani. Aliyeifanya kuwa katiba ndiye aliyeiharibu. Wamarekani hawana upungufu wa hasira. Hasira wanayo ya kutosha kuwalisha wagombea wote wawili, na ndiyo walishwayo. Wanachokosa ni kuielekeza mahali pake: kwenye tundu la chombo, si kwa abiria wenzao. Siku watakapoacha kugombania nusu ipi itupwe baharini, wakainama wakaliziba tundu, nahodha atalazimika kufika bandarini na shehena nzima au kumwachia usukani anayeweza.