King'amuzi kikigoma, siku za shabiki zirudi

Shabiki wa Ndanda analipia kifurushi cha mwezi aione Simba na Yanga. Wiki ya kwanza tu king'amuzi kinagoma. Anapanda gari hadi Masasi, anaambiwa akiache kwa fundi. Kikitoka, mwezi umekatika, na mechi kaziona banda umiza kwa kulipa tena.

Wakongwe wanaikumbuka GTV. Ilikuja 2007 na Ligi Kuu ya England, Januari 2009 ikazima ghafla, madishi yakabaki pambo la bati.

TCRA inapokea malalamiko, sawa. Ila nani atafuatilia kifurushi cha mwezi mmoja? Kampuni zibadilishe king'amuzi kibovu palepale kwa wakala, siku zilizopotea ziongezwe. Kukata huduma wanajua hadi dakika, kurudisha siku kunawashindaje?