Leseni ya mbwa: Mapato ya halmashauri au kinga ya kichaa?

Halmashauri inapotafuta vyanzo vipya vya mapato, macho hayakawii kumwangukia mbwa. Yupo katika maboma ya wafugaji kuanzia Kishapu hadi Kahama, analala mlangoni mwa duka mjini Geita na analinda makarasha ya wachimbaji wadogo Nyarugusu. Hesabu ya haraka inavutia: kila mbwa leseni, kila leseni ada.

Hata hivyo, kukusanya nako kuna gharama. Uingereza ilitoza leseni ya mbwa kwa miaka mingi hadi ilipoifuta mwaka 1987. Ada ilikuwa imebaki peni 37 tu na wenye mbwa wengi walikuwa hawailipi. Manispaa za Ujerumani zinatoza kodi ya mbwa hadi leo, lakini huko kila mkazi amesajiliwa anapoishi. Mbwa wa Usukumani hana anwani. Leo yuko malishoni na ng'ombe, kesho kamfuata bwana wake kwenye machimbo mapya, na machimbo yakikauka huenda akabaki huko bila mwenyewe. Nani atalipiwa, na nani atamsaka?

Kwa halmashauri zenye migodi mikubwa, fedha ya maana iko kwenye ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Kwa zile za pamba na mpunga, iko kwenye ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ada ya mbwa haiwezi kuziba pengo hilo. Ikichukuliwa kama kodi tu, itawakumbusha watu kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003 baada ya kuwakimbiza wengi porini.

Lakini leseni hiyo hiyo ikifungamanishwa na chanjo, inakuwa jambo jingine kabisa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata sindano kadhaa kwa siku tofauti. Kwa mtu wa kijijini hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi mara kwa mara, na siku za shamba zinazopotea. Ng'ombe naye akiumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kufa, na mfugaji halipwi na mtu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili kukata mzunguko wa ugonjwa. Pemba ilifanikiwa kuutokomeza kwa njia ya chanjo, ukarudi mwaka 2016 baada ya kuingizwa kutoka nje ya kisiwa, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilivamiwa, Shinyanga isiyo na bahari ya kuizunguka haiwezi kujilinda peke yake. Kahama ikichanja na jirani zake wasichanje, kazi inarudi mwanzo. Ada kubwa nayo ina hatari yake: mwenye mbwa atamficha siku ya chanjo, na asilimia 70 itabaki kwenye karatasi.

Kuhusu paka, afadhali waachwe. Ni kweli nao huambukizwa na wanafaa kuchanjwa, lakini kumtoza mkulima kwa sababu ya paka anayemlindia magunia dhidi ya panya ni sawa na kutoza kitasa cha ghala.

Kisheria, diwani au mtendaji hawezi kuamka asubuhi na kutangaza ada. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi isiyotokana na sheria. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini wakazi wapewe kwanza nafasi ya kutoa maoni, waziri mwenye dhamana aidhinishe, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mgambo akifika bomani kudai leseni, mwenye mbwa ana haki ya kuuliza namba ya tangazo hilo, kupewa stakabadhi ya halmashauri na, kama ada ni ya chanjo, kadi yenye tarehe ambayo mbwa wake amechanjwa.